Mama Dekio na Konokono Kumi na Watatu

Ukiuliza pale kituoni ni nani mwenye kazi ngumu kuliko wote, utatajiwa wale wanaokwenda porini na mabuti, au wale wanaoshinda macho kwenye hadubini mpaka shingo zinakakamaa. Hakuna atakayekutajia Mama Dekio. Mimi namtaja, na asiyependa aende zake.

Jina la Dekio hakuzaliwa nalo. Alilipata kwa miaka kumi na tisa ya kudeki korido za kile kituo cha utafiti wa viumbe: ghorofa mbili, vyoo vinne, na vioo vya madirisha ambavyo mkurugenzi mwenyewe alikuwa akijitazamia ndevu. Ole wako upite sakafu haijakauka. Hakugombezi. Anakutazama miguu, halafu anakutazama usoni, na wewe mwenyewe unageuza ulikotoka. Nyumbani aliitwa Mama Mapacha, maana alijaliwa pacha wawili wa kiume, sasa watu wazima wanaotafuta maisha mbali. Walimwacha na baba yao, fundi viatu, katika nyumba ya vyumba viwili ambamo kikombe hakiwekwi mezani bila kisahani.

Konokono alikabidhiwa kwa bahati tu. Kijana aliyekuwa akiwatunza alipata nafasi ya kwenda kusoma, na Mama Dekio akaombwa awaangalie wiki mbili, mpaka apatikane mtu. Mtu hakupatikana. Wiki mbili zikawa miaka sita.

Najua unacheka. Hata yeye mwanzoni aliona haya. Wifi yake alipomuuliza siku hizi anafanya kazi gani, alijibu, "Nalea."

"Unalea watoto wa nani?"

"Wa watu," akasema, akabadilisha mazungumzo.

Lakini hawa hawakuwa wale konokono wanene wanaomaliza mboga bustanini. Walikuwa wadogo, mkubwa wao hafikii ukucha wa kidole gumba, gamba rangi ya chai ya maziwa na mstari mmoja mweusi ukizunguka. Waliishi kwenye kilima kimoja tu chenye msitu, na kilima chenyewe kikachimbwa kokoto mpaka kikawa shimo. Kabla mti wa mwisho haujaanguka, Daktari alipanda kule na mfuko, akaokota alioweza kuwaokota, akawaleta mjini ndani ya masanduku ya plastiki. Kwa hiyo dunia nzima, nenda utakako, konokono wa aina ile walikuwa kwenye chumba kimoja, na ufunguo wa chumba hicho ulining'inia kwa kamba shingoni mwa mwanamke aliyeajiriwa kudeki.

Huyo Daktari hatibu watu, ingawa mlinzi wa getini alishamwomba dawa ya mgongo mara mbili. Ni daktari wa elimu ya wanyama, mwanaume mwembamba wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja, maneno machache. Mama Dekio alimwita "mama" na kumsalimia kwa shikamoo kila asubuhi, hata siku walizokwaruzana. Yeye ndiye aliyemfundisha kwamba konokono hawa hawatagi mayai kama wengine. Wanazaa. Mtoto mmoja, mzima, na gamba lake mgongoni, na baada ya hapo mzazi anapumzika wiki nyingi kabla ya kubeba mwingine. Mama Dekio aliposikia hivyo aliwaonea huruma ya pekee. Mtu aliyebeba pacha anajua kubeba nyumba na mtoto kwa pamoja maana yake nini.

Miaka sita aliwalea katika stoo ya zamani nyuma ya jengo, chumba chenye dirisha dogo na ukuta unaovuja. Bomba lilikuwa nje, mbali, kwa hiyo masanduku aliyaosha mara moja kwa mwezi, naye akiona aibu, akimwambia kila anayeingia, "Samahani kwa uchafu, mazingira ndiyo hayo." Chakula chao kilikuwa vipande vya tango na magome ya miti yaliyolala humo mpaka yakaota ukungu. Konokono wakaongezeka mpaka wakafika themanini na wanne. Aliwahesabu kila Jumatatu kwa kuwagusa mmojammoja kwa ncha ya kidole, kama mtu anayehesabu wanafunzi kwenye gari la safari.

Kisha kituo kikapata wafadhili, na konokono wakapata chumba kipya. Chumba gani hicho! Marumaru nyeupe, taa nyeupe, rafu za bati zinazong'aa, na juu ya yote, sinki ndani kwa ndani, bomba la maji hatua mbili kutoka masandukuni. Mama Dekio aliposhika lile bomba machozi yalimlengalenga. Ile stoo ilikuwa imemnyima raha miaka sita. Sasa wanawe wangekaa pazuri.

Akaanza kusafisha. Kila siku. Aliyatupa magome yote ya zamani nyuma ya jengo, akaleta mapya, akayachemsha na kuyasugua kwa brashi mpaka yakawa meupe kama mfupa. Masanduku akayaosha kwa sabuni, akayasuuza mara tatu, akayapangusa kwa kitambaa laini. Mkurugenzi akaleta wageni kuja kuona. Mgeni mmoja akasema hajawahi kuona maabara safi namna ile, na Mama Dekio, ambaye kusifiwa hakukuzoea, akaenda chooni akajifungia kidogo.

Wiki ya tatu wakafa wawili. Wiki ya nne, watano. Konokono akifa hafanyi fujo. Anajivuta ndani ya gamba na hatoki tena, na ukimgeuza ni mwepesi, hakuna mtu. Mama Dekio akaongeza usafi. Akadhani ni vijidudu, akaanza kupangusa rafu kwa dawa. Daktari akadhani ni harufu ya rangi, wakafungua madirisha. Wakadhani ni baridi, wakazima kiyoyozi. Wakapeleka mizoga kupimwa kwenye maabara kubwa, yakarudi majibu kwamba hakuna ugonjwa uliotambulika. Hapo ndipo ugonjwa unapotisha, usipokuwa na jina.

Miezi mitatu ilipopita walibaki kumi na watatu.

Jumatatu hiyo Daktari aliingia akafunga mlango nyuma yake, na kwa kawaida yake mlango huwa anauacha wazi. Akasimama mbele ya rafu.

"Mama," akasema, "konokono akifa mwenyewe anaoza haraka sana. Haachi kitu cha kusomwa. Tukiwasubiri hawa wafe mmojammoja, tutabaki na magamba matupu."

"Kwa hiyo?"

"Ijumaa tutawatia kwenye spiriti. Wote. Angalau miili yao ibaki. Siku moja watu wajue walikuwaje."

Mama Dekio alikuwa ameshika kitambaa. Alikikunja mara mbili, akakikunjua, akakikunja tena. Aliwahi kuwaona samaki na vyura wa ghorofa ya pili ndani ya chupa za spiriti, weupe, macho wazi. Miaka yote amezipangusa vumbi chupa zile bila kuwafikiria waliomo.

"Na kama tukijua kinachowaua kabla ya Ijumaa?"

"Tukijua, hakuna spiriti," Daktari akasema. Lakini alisema kama mtu anayemjibu mgonjwa mahututi.

Jumatano asubuhi Mama Dekio alikuja na mswaki wa zamani mfukoni. Sanduku namba nne lilikuwa limemsumbua muda mrefu: mfuniko wake ulikuwa na ukanda wa mpira pembeni, na chini ya mpira ule kulikuwa na mstari wa uchafu wa kijani cheusi, mwembamba kama uzi, ambao brashi yake haikuufikia. Mstari ule ulikuwa unamwasha. Kama hawa watu wanakwenda Ijumaa, alijisemea, hawataondoka kwenye nyumba chafu.

Akafunua mfuniko. Konokono wa sanduku lile walikuwa wanne, na wote wanne walikuwa wamepanga mstari chini ya ule mpira, vichwa vimeelekea kwenye uchafu. Kipande cha tango cha asubuhi kilikuwa katikati ya sanduku, hakijaguswa.

"Nyie," akawaambia, "mmekosa pa kukaa?"

Akawabandua polepole, mmojammoja, akawaweka juu ya tango. Akaenda kwenye sinki kulowesha mswaki. Aliporudi, watatu walikuwa njiani kurudi kule kule, na wa nne alikuwa ameshafika.

Sasa, kuna watu wangeng'ang'ana na mswaki wao. Yeye aliuweka chini. Alichukua lenzi ya Daktari, akainamisha kichwa mpaka pua ikakaribia kugusa plastiki. Akaona mdomo mdogo unafunguka na kufungika, ukikwangua. Kila ulipopita, kwenye ule uchafu ulibaki mstari mdogo, safi. Walikuwa wanakula. Si tango. Wanakula ule ukungu, ule utando, kile kitu ambacho yeye kila siku ya Mungu alikuwa akikiondoa kwa sabuni na kukisuuza mara tatu.

Akatazama rafuni. Namba moja, mmoja. Namba mbili, watatu. Namba tatu, watano, waliohamishwa kutoka masanduku sita yaliyobaki matupu. Namba nne, ambalo brashi ilishindwa kulimaliza, lilianza na wanne, na walikuwa bado wanne. Hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Sabini na mmoja, kwa njaa. Akakaa kwenye kigoda na lenzi mkononi.

Na hapa sitamsingizia. Jambo la kwanza lililomjia halikuwa la kishujaa. Lilikuwa: nyamaza. Acha kusafisha kimyakimya, uchafu utaota, watapona, na hakuna mtu atakayejua kwamba kinachosifiwa kwako ndicho kilichoua. Alilifikiria mchana kutwa, na mchana kutwa hakugusa brashi. Lakini magome ya stoo yalichukua miezi kuota ukungu, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Jioni chakula hakikupita. Mumewe, Baba Mapacha, alikuwa barazani akimalizia soli ya kiatu cha mtu, misumari midomoni. Akaitema mkononi.

"Mama Mapacha, umeacha kikombe mezani bila kisahani. Nani kafa?"

Hapo ndipo alipolia. Akamweleza yote, kuanzia sinki mpaka mswaki. Mumewe alisikiliza bila kumkatiza, kiatu kimelala mapajani.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema mwishowe.

"Ni mimi."

"Kwa mikono hii."

"Kwa mikono hii. Na niliwapenda, Baba Mapacha. Wallahi niliwapenda. Ningekuwa mvivu kidogo tu wangekuwa hai."

Mzee wa watu hakusema "si kosa lako." Wameishi pamoja miaka thelathini na minne, na hakuna hata siku moja aliyomdanganya ili anyamaze. Alifuta gundi vidoleni.

"Wanaojua ni sisi wawili," akasema. "Na sisi wawili tunaweza kufunga midomo, tumeshafungia mengi. Lakini wale kumi na watatu nani atawasemea?"

"Watanifukuza."

"Watakufukuza, utakuja kunipakia viatu rangi. Mimi mwenyewe nimechoka kupaka."

"Miaka ishirini na mitano watu wananiita Mama Dekio. Kesho wataniitaje?"

Mumewe akaweka kiatu chini. Akasema tu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho nitakusindikiza."

Na kweli alimsindikiza. Alivaa shati lake la kwendea harusini, akakaa kwenye benchi la koridoni, kofia magotini, kama mtu anayesubiri mgonjwa atoke chumba cha upasuaji. Mama Dekio akaingia ofisini kwa Daktari, akakataa kiti.

"Kinachowaua nimekijua," akasema. "Ni mimi."

Akaeleza akiwa amesimama. Aliposema sabuni, Daktari aliuliza sabuni gani. Alipotaja dawa ya kupangusia rafu, Daktari alivua miwani. Aliposema sanduku namba nne, Daktari aliinuka, akatoka, akapita mbele ya Baba Mapacha kama hakumwona. Mama Dekio alibaki amesimama. Alisikia mlango wa nyuma ukibamizwa. Akajua ndiyo basi tena.

Ila hakurudi na barua wala mkurugenzi. Hakurudi kabisa. Mama Dekio alipochungulia dirishani alimwona uani, nyuma ya jengo, amepiga magoti na suruali yake ya ofisi kwenye lundo la takataka chini ya mfereji wa paa, anafukua. Magome ya zamani. Yale aliyoyatupa yeye mwenyewe siku ya kuhamia. Mvua ilikuwa imeyanyeshea miezi mitatu, na yalikuwa yameota kila kitu kibaya ulichowahi kukiona: ukungu mweupe, ukungu wa kijani, utelezi, weusi usio na jina.

Akatoka mbio. Kwa mwendo wake wa miaka hamsini na nane, ile ilikuwa mbio.

"Daktari, utachafuka."

"Mama," akasema bila kuinua kichwa, "mwongozo wa kuwatunza niliuandika mimi. Niliandika tango. Sikuandika ukungu, kwa sababu sikujua. Miaka sita sikujua. Nishikie hili." Akampa gome moja linalonuka. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hakuwahi kumsikia nayo, "Lakini, mama, kila siku? Mara tatu?"

"Mara tatu, mwanangu."

Daktari alikaa chini palepale kwenye takataka. Hakumlaumu tena, na wala hakumwambia usijali. Baada ya muda Baba Mapacha akatokea uani, akapandisha mikono ya lile shati la harusi, wakachambua wote watatu mpaka saa sita mchana.

Ijumaa ikapita bila spiriti. Jumatatu Daktari aliandika taarifa, na pale penye sababu ya vifo alitaka kuandika "mabadiliko ya mazingira." Mama Dekio akasema hapana. "Andika wamesafishwa. Mwingine mahali pengine ana sinki jipya, asome." Daktari akaandika hivyohivyo. Kazini hawakumfukuza. Walimcheka, hasa tarishi, aliyemletea kipande cha sabuni kimefungwa kwenye karatasi ya zawadi. Mama Dekio alikipokea, akamshukuru, akaenda kukitumia chooni. Kuchekwa hakumuumizi mtu mwenye sabini na mmoja kifuani.

Wanne zaidi walikufa. Walikuwa wameshadhoofika mno. Walipanda juu ya gome, wakakwangua kidogo, wakajivuta ndani. Kila mmoja Mama Dekio alimlaza kwenye pamba, akamwomba radhi kwa sauti, mlango ukiwa wazi, anayetaka kusikia asikie. Wakabaki tisa. Hao tisa wakaanza kula. Lakini Daktari alimwambia ukweli: hawa ni wazee, na wenye njaa huacha kubeba mimba. Wakinenepa halafu wakafa bila kuzaa, itakuwa ni yaleyale, tumechelewesha tu. "Sitasema wamepona mpaka nione mtoto."

Basi Mama Dekio akalima uchafu. Masanduku hayakutosha, akahamishia na nyumbani. Magome kwenye ndoo chini ya meza ya jikoni, majani yanayooza dirishani, kila asubuhi anayanyunyizia maji kidogo na kuyanusa. Mkono wake ulimsumbua sana. Ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye kitambaa, na yeye anaurudisha.

"Jana nimemwona buibui jikoni," Baba Mapacha akasema siku moja. "Nadhani ameshapimiwa kiwanja."

"Mwache ajenge," mkewe akasema, na kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi akacheka mpaka akashika ubavu.

Wiki ya saba, Alhamisi, mchana umepoa na ofisi nyingi zimeshafungwa, alikuwa akihesabu. Tisa. Alipofika sanduku namba mbili aliona kwenye ukuta wa plastiki kidoa, kidogo kuliko kichwa cha pini, rangi ya chai iliyochujuka. Ukucha wake ulishakwenda. Miaka ishirini na mitano ya vidoa, ukucha haumwulizi mwenyewe. Ulikuwa umebakiza upana wa uzi tu kukikwangua, kidoa kikatoa pembe mbili.

Mama Dekio aliuzuia mkono ule kwa mkono mwingine. Akaushikilia kifuani hivyo, kwa nguvu, mpaka ulipotulia. Kile kidoa kikanyoosha shingo, kikapima hewa, kikaanza kupanda. Nyuma yake kidogo, juu ya gome chafu kuliko yote, mzazi wake alikuwa amejilaza hoi, akila.

"Kumi," akasema Mama Dekio. Akatamani kumwita Daktari, lakini Daktari alikuwa ameshaondoka, na yeye hakuweza kuondoka pale. Akavuta kigoda, akakaa, machozi yanamtiririka naye hayafuti.

Mlinzi akaja kufunga, akiimba, funguo zinagongana kiunoni, anabamiza mlango mmoja baada ya mwingine. Mama Dekio akasimama mlangoni na kidole mdomoni.

"Taratibu, baba. Humu kuna mzazi."

Mlinzi alinyamaza palepale, akavua kofia. Akachungulia ndani kwa adabu, akatazama marumaru, akatazama rafu, akatafuta mwanamke asimwone. Kisha akamtazama Mama Dekio usoni, akaona asibishane naye.

"Hongereni," akanong'ona. "Kapata mtoto gani, wa kike au wa kiume?"

"Mzima," Mama Dekio akasema. "Kapata mtoto mzima."